Kwanini do-mi-so inachangamka lakini re-fa-la inanuna? Wapiga kinanda njooni

#1 Kapuku61
Wakuu habari. Nimepata kibodi ya mtumba, ile ya vitufe 61, najifunzia geto usiku na hedifoni ili wapangaji wenzangu wasinifukuze. Kijana mmoja anayepiga kanisani kwetu alinionyesha kodi moja tu (noti tatu zinazopigwa kwa pamoja) akasema hiyo ndo mama wa zote: gumba kwenye C, ruka kitufe, kidole cha kati kwenye E, ruka kitufe, kidole cha mwisho kwenye G. Do mi so. Imelia vizuri mpaka nikacheka mwenyewe.

Sasa mimi nikajiongeza, kama kanuni ni bonyeza ruka bonyeza ruka bonyeza, si nisogeze tu mkono mzima kitufe kimoja kulia? Nikasogeza, ikawa D F A. Wakuu ile kitu imenuna, ya msibani kabisa. Nikasogeza tena E G B, bado imenuna. F A C ikachangamka. G B D ikachangamka. A C E ikarudi kununa. Ya mwisho B D F hata sijui niiite nini, inatia wasiwasi tu.

Mkono uleule, vitufe vyote vyeupe, kuruka kulekule. Swali la kwanza, kwanini zinatofautiana? Na la pili ambalo ndo linaninyima usingizi, nani aliamua hii ni ya furaha na ile ni ya huzuni? Vitufe havina moyo.

#2 Mpita Njia
Nimekaa pale na kahawa, wajuzi waje.

#3 transpozi_tupu
Mkuu unajitesa bure. Shika C, F na G basi, hizo tatu zinatosha, ukitaka ki nyingine, yaani do ianzie noti nyingine, bonyeza transpozi, kile kitufe kinachohamisha sauti zote kwa pamoja, maisha yaendelee. Nimepiga harusi hadi mikoani na hizohizo tatu na hela nimelipwa.

#4 Mwalimu Besi
Kapuku61 macho yanakudanganya. Vitufe vyeupe vinaonekana vimepangana sawasawa lakini umbali wa sauti kati yao sio sawa. Angalia vizuri kibodi yako, kati ya E na F hakuna cheusi, kati ya B na C hakuna cheusi. Kwahiyo ukiruka cheupe kimoja mara nyingine umeruka parefu mara nyingine pafupi.

Achana na kuruka, hesabu vitufe vyote, vyeusi na vyeupe. Toka C: C# (# ni cheusi cha kulia kwake), D, D#, E, hiyo ni 4. Toka E: F, F#, G, hiyo ni 3. Nne halafu tatu, ndo meja. Sasa njoo D F A uliyosema imenuna. Toka D: D#, E, F, ni 3. Toka F: F#, G, G#, A, ni 4. Tatu halafu nne, ndo maina. Umeona? Ncha na ncha umbali ni uleule, nusu toni 7 (kila kitufe hadi jirani yake ni nusu toni), kilichohama ni mtu wa katikati tu. Na ile B D F iliyokutia wasiwasi ni 3 na 3, ncha zenyewe zimebanwa zikawa 6, ndo maana haitulii.

Kwahiyo kanuni ni 4 kisha 3 kutoka popote pale. Ukitaka D ichangamke ni D F# A, yaani panda kitufe cheusi katikati. Zipo 12 jumla na mkono unazikariri kwa umbo haraka kuliko kichwa: C, F, G nyeupe tupu. D, A, E katikati cheusi. Db, Ab, Eb (b ni cheusi cha kushoto kwake) kinyume chake, kando vyeusi katikati cheupe. F# nyeusi zote tatu. Bb cheusi kimoja mbele halafu vyeupe viwili, na B kinyume chake tena. Piga kila siku umbo moja, usiende zote kwa pamoja utachanganyikiwa.

Swali lako la pili siliwezi kwa haraka, wapo watakaokuja na fizikia yao.

#5 Kapuku61
Shikamoo mwalimu. Nimejaribu D F# A sasa hivi hedifoni sikioni, aiseee! Halafu nikawa nashusha F# inakuwa F, napandisha, nashusha. Kidole kimoja kinahama nusu toni chumba kizima kinabadilika hali ya hewa. Swali la pili limezidi kuwa kubwa.

#6 Mwalimu Besi
Marahaba. Huo mchezo wa kupandisha na kushusha cha katikati ndo mazoezi yenyewe, ufanye kwenye kila kodi mpya.

#7 FundiRedio
Fizikia imefika. Sauti moja huwa sio sauti moja. Ukigonga waya wa C ya chini hautikisiki mzima peke yake, unatikisika pia kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea, na kila mgawanyo unatoa sauti yake nyembamba juu ya ile kuu. Zipange: ya kwanza C yenyewe, ya pili C ya juu yake, ya tatu G, ya nne C tena, ya tano E, ya sita G. Tazama ya 4, 5 na 6. Do mi so. Hakuna aliyeamua, imo ndani ya waya, imo ndani ya tarumbeta, imo hata kwenye koo lako.

Mwenye nafasi ya kufikia piano lenyewe la nyaya, sio kibodi, afanye hivi. Mkono wa kulia bonyeza C E G za katikati taratiiibu mpaka chini bila zitoe sauti, zishikilie hapohapo. Mkono wa kushoto gonga C ya okteva mbili chini yake, yaani C ya pili ukishuka kushoto, gonga kwa nguvu na uachie mara moja. Ile C ikishakufa utasikia kodi nzima inalia yenyewe hewani, C E G, na hujaigonga. Mimi nilifanyia kwenye piano kuukuu la ukumbi wa shule moja, lilikuwa limefunikwa turubai na nusu ya vitufe vimekwama, lakini nywele zilisimama. Halafu rudia umeshikilia C Eb G. C na G zitaitika, Eb inakaa kimya. Haimo kwenye zile za mwanzo.

#8 Binti Alto
FundiRedio hilo jaribio zuri ila umejibu swali ambalo halikuulizwa. Umeeleza kwanini zinaelewana, hujaeleza furaha inatoka wapi. Mimi naimba kwaya miaka yote na nakwambia nyimbo nyingi tunazoimba mazishini ni meja. Meja kabisa, do mi so nyeupe pe, na watu wanalia mpaka wanashikiliwa. Sasa hiyo furaha inakuwa imeenda wapi?

#9 transpozi_tupu
Wanalia kwasababu ya alto 😂

#10 Binti Alto
transpozi_tupu nakujua wewe, nitasema ya ile jumapili.

#11 Wa_Eastlands
Wadau wa Bongo, naongezea hiyo ya Binti Alto. Wimbo wa taifa wa Kenya uko maina. Melodia yenyewe ilitoka kwa wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Wapokomo, wale wa mto Tana. Na hakuna mtu huku anauona wa huzuni, tukishinda medali ya marathoni unapigwa na watu wanasimama wakijivuna. Na Wapokomo walikuwa wanalaza mtoto, hawakuwa wanazika mtu.

#12 Mwalimu Besi
Na wetu ni meja, ule wa Enoch Sontonga wa 1897 kutoka Afrika Kusini, Zambia nao wanautumia kwa maneno yao. Ila Wa_Eastlands kuwa mkweli, ule wenu ukipigwa polepole na bendi ya jeshi jioni bendera inashuka, hausikii kitu kifuani?

#13 Wa_Eastlands
Nasikia mwalimu, lakini hata wenu ukipigwa polepole jioni bendera ikishuka ni hivohivo. Basi ni upole na jioni, sio ile noti ya mi.

#14 Kikokotoo
Narudi kwa FundiRedio. Umechukua 4, 5, 6 ukanyamaza. Namba 7 mbona umeiruka? Nayo imo ndani ya waya, kwa C ni kama Bb iliyoshuka kidogo, haikai kwenye kitufe chochote cha piano. Kama asili ndo inachagua mbona hiyo wazungu waliitupa? Pili, maina nayo ina uwiano wake safi wa mitetemo, 10 kwa 12 kwa 15. Sio kwamba ni takataka. Tatu na hii ndo kubwa, E ya kibodi ya Kapuku sio hiyo E ya waya. C ya katikati ni mitetemo 261.63 kwa sekunde, ukizidisha kwa 5 gawa kwa 4 unapata kama 327.03, lakini E ya kibodi imewekwa 329.63. Iko juu. Kwahiyo kodi anayoifurahia geto kwake ni ya kughushi kidogo.

#15 FundiRedio
Kweli iko juu, na sababu inajulikana. Kibodi imegawa okteva vipande 12 vinavyolingana ili uweze kupiga ki yoyote bila kutyuni upya, na gharama yake ni kwamba mi inapanda kidogo kila mahali. G yenyewe karibu ni sawa, tofauti haisikiki. Ila E, ile sauti ya tano ya C na ile ya nne ya E zinapishana karibu mara 10 kwa sekunde, ukitega sikio kwenye kodi iliyoshikiliwa muda mrefu utasikia kama inatetemeka. Namba 7 nitarudi.

#16 Binti Alto
Subiri subiri, kumbe ndo maana! Mwalimu wetu akimwambia mpiga kinanda nyamaza tuimbe wenyewe, ile kodi ya mwisho ya Amina inatulia kabisa mpaka unahisi sakafu inaitika. Kinanda kikirudi tunaonekana tumeshuka, hasa sisi alto tukiwa na mi, na tunasemwa sisi. Leo nimepata wakili.

#17 Mwalimu Besi
Usishangilie sana, mara nyingi mnakuwa mmeshuka kweli 😀 Ila anachosema kina ukweli, kwaya nzuri ikiimba bila ala huwa inasogeza mi chini yenyewe bila kufundishwa. Na kwenye kodi ya mwisho usiwape watu wengi mi, so na do ziwe nyingi, mi mmoja tu anatosha, akizidi kodi inakuwa na ukali.

#18 Kapuku61
Sijaelewa nusu ya hesabu lakini natamani nielewe. Kwahiyo nani aliigundua hii do mi so?

#19 Mzee wa Busara
Ni Pythagoras wa Ugiriki. Alipita kwa muhunzi akasikia nyundo zinagongana akapima uzito.

#20 Kikokotoo
Hiyo ya nyundo ni hadithi tu mzee wangu, nyundo hazifanyi hivo hata ukizipima. Na hata kama ni yeye, uwiano unaohusishwa naye ni wa okteva, wa do na so, na wa do na fa. Mi ya mfumo wake ilikuwa 81 kwa 64, inapita ile safi ambayo ni 80 kwa 64, na ilionekana kali. Wazungu wa zamani walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa wanamalizia do na so tupu, mi hakuna. Aliyeandika kwa nguvu kwamba mi safi ni 5 kwa 4 na anastahili kukaa pale ni Zarlino, Mwitaliano, kitabu cha 1558. Halafu Rameau Mfaransa mwaka 1722 ndo akaeleza kwamba do mi so, mi so do, na so do mi ni kodi ileile imegeuzwa, sio kodi tatu.

#21 Mzee wa Busara
Vijana mna haraka. Mi safi ilikuwepo kabla ya huyo Mwitaliano kuzaliwa.

#22 Mgogo Halisi
Mzee wa Busara leo naungana na wewe. Watu wanahangaika Italia wakati jibu liko Dodoma. Kina Gerhard Kubik walioandika kuhusu muziki wa Afrika wameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizohizo anazosema FundiRedio, kuanzia ya 4 mpaka ya 9. Mi yetu ni ile ya chini, ya waya, sio ya kibodi. Na ile namba 7 ambayo Kikokotoo anauliza kwanini ilitupwa, sisi hatukuitupa, imo. Sikiliza ilimba (kinanda chetu cha vidole gumba) ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, halafu jaribu kuifuatisha na kibodi, utazunguka vitufe vyote hiyo sauti huipati, iko kwenye ufa kati ya A# na A.

Kwahiyo FundiRedio yuko sahihi kwamba imo ndani ya waya, na Kikokotoo yuko sahihi kwamba kuishia 6 ni uamuzi wa watu.

#23 FundiRedio
Hii ndo namba 7 yangu imejibiwa. Asante.

#24 Yakhe wa Forodhani
Nyie wa bara mnagombana meja na maina, huku Unguja kuna ya katikati. Maqam Rast, skeli ya Kiarabu, mi yake haiko E wala haiko Eb, inakaa baina yao. Mwenye fidla au udi anaipata kwa kidole. Mwenye kibodi ya kawaida ndo anaadhirika, mpaka awe na ile yenye kurekebisha skeli aishushe E robo toni. Sasa niambieni, hiyo nayo ni furaha au huzuni? Rast ikipigwa vizuri mtu anatunza hela huku macho kafumba. Anafurahi? Analia? Muulizeni yeye.

#25 Wa_Eastlands
Yakhe umetuvurugia jedwali.

#26 Nuru ya Uponyaji
Wote mmesahau kwamba kibodi zenu A yake iko mitetemo 440 kwa sekunde. Mkishusha A iwe 432 kodi yoyote ile inaponya, hata maina inachangamka.

#27 Kikokotoo
Ukishusha A unashusha vyote kwa pamoja, umbali kati ya do, mi na so haubadiliki hata chembe. 440 ni makubaliano tu ya watengenezaji na mashirika ya viwango, Wafaransa mwaka 1859 waliwahi kuweka 435 kwa sheria na hawakupona chochote.

#28 Nuru ya Uponyaji
Ukishupaza shingo hauponi.

#29 Kapuku61
Jamani narudi kwenye vidole. Nimejaribu do mi so mkono wa kushoto chini kabisa ya kibodi nikitaka iwe nzito kama kanisani, inatoka uji mtupu, noti hazionekani. Kodi ni ileile 4 na 3 nimehesabu. Nini tena?

#30 Mwalimu Besi
Hiyo ni ya kila anayeanza. Chini kule noti ziko karibukaribu kwa mitetemo, C ya chini ni kama 65, E yake 82, tofauti 17 tu, sikio haliwezi kuzitenganisha linasikia mkwaruzo. Mkono wa kushoto chini piga do peke yake, au do na do ya juu yake, au do na so. Mi mpandishe mkono wa kulia. Mi hapendi kukaa chini.

Na vidole, kulia ni 1, 3, 5 na kushoto ni 5, 3, 1, gumba siku zote ni 1. Ukigeuza kodi mkono wa kulia ikawa mi so do basi 1, 2, 5 ndo inakaa vizuri, ukigeuza tena so do mi unarudi 1, 3, 5. Kushoto ni so do mi ndo inabadilika, 5, 2, 1. Kiwiko kisibane ubavuni. Na kidole cha mwisho kisilale, watu wengi so yao haisikiki kwasababu kile kidole kimelala chali.

#31 Kapuku61
Kimelala kweli wallahi, nimekiangalia. So yangu ilikuwa haitoki.

#32 Dogo Stailo
Mimi kwangu nikibonyeza kimoja tu mkono wa kushoto bendi nzima inacheza, ngoma, besi, gitaa. Kwani nyie mnabonyeza vitatu vya nini?

#33 transpozi_tupu
😂😂😂 Dogo umewasha stailo, hapo kibodi ndo inajua kodi, wewe unaelekeza tu. Kibodi nyingi ukibonyeza kimoja inakupa meja moja kwa moja. Siku umeme ukikatika au ukakutana na piano la nyaya utajua hujui.

#34 Mwalimu Besi
Asemaye ni mzee wa transpozi, dunia ina mambo.

#35 Mama Wawili
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi sijui muziki ila nina kibodi ya watoto nyumbani. Nimefanya ile ya Kapuku ya kupandisha na kushusha kitufe cha kati mbele ya mwanangu mdogo. Meja alikuwa anachezea tu toi zake. Maina ndo akainuka akaanza kucheza, nikarudi meja akakaa. Nisemeje hapo?

#36 Mpita Njia
Sema ana asili ya Kenya.

#37 Wa_Eastlands
😂 Tunampokea, alete pasipoti.

#38 Msomaji Mkimya
Hili lilishapimwa na watu wa sayansi na bado halijaisha. Mwaka 2009 walienda kwa Wamafa kule milimani Kameruni, watu ambao hawakuwa wamezoea muziki wa kizungu, wakawachezea vipande vya piano, na walitambua cha furaha, cha huzuni na cha kutisha zaidi ya vile mtu angebahatisha. Kwahiyo timu ya asili ikashangilia. Halafu 2016 wakatoa utafiti wa Watsimane wa Bolivia, msitu wa Amazoni, wakawachezea kodi zinazoelewana na zinazogombana, wao wakaona zote zinapendeza sawasawa. Timu ya mazoea nayo ikashangilia. Mtu akikwambia sayansi imeshasema muulize ipi.

#39 FundiRedio
Ila hao wa 2009 vipande vya furaha vilikuwa pia vya haraka na vya huzuni vya polepole, sio? Basi huwezi kusema ni mi peke yake iliyofanya kazi.

#40 Msomaji Mkimya
Ndiyo, mwendo nao ulichangia, hata wenyewe waliliona hilo. Ndo nasema halijaisha.

#41 Binti Alto
Mimi nadhani ni mazoea ya kodi za jirani. Kodi moja peke yake haina hali. Ukitoka maina ndefu halafu mwishoni ukapiga meja moja unahisi mlango umefunguliwa. Wazungu wa zamani walifanya hivo sana, wimbo mzima maina kodi ya mwisho wanapandisha mi. Meja hiyohiyo ukiipiga katikati ya meja nyingine kumi hakuna anayegeuka.

#42 Kikokotoo
Hapo unamaanisha mtu anayesikia ameshazoea kusikia maina kwanza. Watsimane wasingegeuka.

#43 Binti Alto
Mimi siimbii Watsimane, naimbia watu wa kigango chetu.

#44 transpozi_tupu
Kigango chenu kinachoimba kwa ki mbili kwa wakati mmoja?

#45 Binti Alto
Haya umejitakia. Jamani huyu jumapili moja alikuja kupiga misa ya pili. Aliyepiga misa ya kwanza alikuwa ameacha transpozi ya +4, na huyu hakuangalia. Akashika C yake ya siku zote, kwake C, kwetu imetoka E. Soprano wakaenda huko juu wakawa wanapiga kelele, wanaume wakashuka okteva, sisi alto tukanyamaza kwa heshima. Yeye akaona kibaya ndo nini, akabonyeza transpozi katikati ya ubeti kuirudisha, wimbo ukaanguka nusu toni nne ghafla na mwalimu mkono bado uko hewani. Paroko aligeuka.

#46 Mwalimu Besi
😂😂😂 Nimecheka mpaka mama watoto kauliza.

#47 transpozi_tupu
Ile mashine ilikuwa na tatizo.

#48 Mzee wa Busara
Enzi zetu hatukuwa na transpozi, tulisoma do re mi ya herufi, d m s, mwalimu anapiga uma wa kutyuni kwenye goti anakupa do, basi do ni hapo, leo G kesho Ab, nyimbo ni ileile. Mtu akikariri C E G bila kujua kwamba ni do mi so anakuwa mtumwa wa kitufe.

#49 Kikokotoo
Hapa sina cha kukosoa. Ule mfumo wa herufi uliasisiwa na mama mmoja Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, halafu John Curwen akaueneza karne ya 19 na wamisionari wakaubeba mpaka huku. Kwaya nyingi Tanzania bado zinaandika hivo. Ukitaka kuelewa kodi na sio kuikariri, andika nyimbo tatu za kanisani kwako kwa d m s kisha uzipige C, halafu D, halafu F, bila kugusa transpozi.

#50 Kapuku61
Nimeanza leo na wimbo mmoja, C nimeweza, D nachechemea F# inanisahau. Sasa nimekutana na kitu kingine. Yule kijana wa kanisani akifika kodi ya so, yaani G B D, anaongeza F juu yake na inakuwa kama inavuta inataka kwenda mahali. G peke yake haivuti hivo. Kwanini F tu ilete fujo yote hiyo?

#51 Mwalimu Besi
Hiyo ni kodi ya saba, maana F ni noti ya saba ukihesabu toka G. Ukiweka F unakuwa na B na F ndani ya kodi moja, nusu toni 6, ndo zilezile ncha za ile B D F iliyokutia wasiwasi post ya kwanza. B inataka kupanda C, F inataka kushuka E, zote mbili zikienda umeshatua do mi so. Ipige G B D F, shikilia, halafu tua C. Ukiishia njiani utakosa usingizi.

#52 Mgogo Halisi
Na F hiyo ukiishusha kidogo chini ya ya kibodi inakuwa ile namba 7 ya G. Kwetu haivuti kokote, imekaa nyumbani.

#53 FundiRedio
Hapo Mgogo umetia petroli. Kama ileile 7 kwao imetulia na kwetu inavuta, basi Binti Alto ana pointi.

#54 Kikokotoo
Sio ileile, imepishana karibu theluthi ya nusu toni.

#55 Yakhe wa Forodhani
Theluthi ya nusu toni ndo watu wanatunza hela, yakhe.

#56 Dogo Stailo
Wakuu samahani natoka nje ya mada, adapta ya kibodi imeungua, volti 12, ile pini ya katikati ni chanya au hasi? Nisije nikaiua.

#57 FundiRedio
Angalia mchoro mdogo pembeni ya tundu la kibodi au kwenye kibandiko cha chini, kuna duara na nukta katikati, soma alama iliyounganishwa na nukta. Usibahatishe, nyingi ni chanya katikati lakini Casio nyingi za zamani ni hasi. Na amperi isiwe pungufu ya iliyoandikwa.

#58 Dogo Stailo
Ni Casio. Umeniokoa mkuu.